Mama ni Baba

Barua ya Wizara ilifika na muhuri wa samawati:
atakuja mgeni, apewe kitanda,
apewe meza karibu na jiko la kuni,
afundishe Kiingereza bega kwa bega na mwalimu wa hapo.
Mwalimu wa hapo ni mimi, Lamzira,
miaka thelathini na mmoja nikifundisha Kirusi
katika shule hii ya Guria,
juu ya mashamba ya chai yaliyogeuka vichaka.
Somo langu walilimega, wakalimega,
ikabaki saa moja, Ijumaa, baada ya michezo.

Akashuka Sorcha, binti wa Galway,
viatu vya turubai kwenye matope ya Novemba,
kwapani picha za matunda ndani ya plastiki.
Guram alimpokea kwa jibini na mkate wa mahindi,
akamjazia divai, akasimama kumhutubia
hadi supu ikapoa.
Mimi nilikula. Sikusema neno.

Asubuhi akabandika familia ubaoni.
"Mama," akasema, akimgusa mwanamke mwenye aproni.
Darasa likaangua kicheko.
Kwetu sisi, mama ni baba.
Anayezaa anaitwa deda.
Ningeweza kumwonya: kosa hilo nimelivuka na Kirusi changu
kila Septemba tangu ujana.
Nilichochea kuni.

Ikaja ile sauti ya ulimi katikati ya meno.
Watoto wakatema mate hadi kwenye madaftari,
wakacheka, wakatema tena.
Jaba peke yake, dawati la nyuma,
alifumba mdomo kama mkoba wa bahili.

Mtihani wa Wizara niliuanguka kwa alama nne.
Sorcha alinifuma stoo, kati ya mipira na mafagio,
na kitabu cha darasa la pili magotini.
Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo
akanisimulia, polepole, habari ya bibi wa bibi yake:
kila neno la lugha ya kwao alilotamka shuleni
lilichongwa alama kwenye kitu alichovikwa shingoni,
na jioni alama zikahesabiwa mgongoni.
Kitu gani? Neno hilo sikulijua.
Akaokota kijiti cha kuni,
akakikwaruza kwa ukucha: moja, mbili, tatu.
Nikaelewa.
"Na leo," akasema, "mimi ndiye nalipwa
kuisambaza ile iliyompiga."
Sikumwambia kuhusu rula yangu.
Iko bado kwenye droo, ya mti wa mwaloni,
na wapo wazee wa kijiji hiki wanaoijua kwa viganja.

Jaba hakuuliza Kiingereza kina faida gani.
Aliuliza kama mgeni anajua Kigiriki.
Deda wake yuko Thesaloniki
akimwogesha kikongwe wa watu,
na simu ya nyumba ile hupokewa kwanza na kikongwe,
asikie lugha asiyoijua, akate.

Wizara haikuandika lolote juu ya Kigiriki.
Lakini saa yangu ya Ijumaa ilikuwa bado yangu.
Tukaketi watatu na kamusi iliyochanika jalada,
hakuna aliyejua kumzidi mwenzake,
tukimtafutia mtoto sentensi moja:
Tafadhali, mpe simu mama yangu.
Tuliikosea wiki nzima, tukaikosea ya pili.
Sorcha aliandika matamshi kwa herufi zetu,
zimepinda kama mizabibu iliyokosa nguzo.

Alipoondoka Juni aliniachia zile picha za matunda
na jozi ya viatu vya mvua, vikubwa kwangu.

Jaba alikuja ofisini akiwa amechana nywele.
Simu ikalia mara tano, ya sita.
"Ne?" ikaitika sauti kavu ya kizee.
Miaka thelathini na mmoja neno hilo
nimeliandika ubaoni kuwa ni kukana.
Jaba akanitazama, rangi imemtoka.
Nikatikisa kichwa: endelea, endelea.
Kwao ni ndiyo.