Usiiname

Jana walikuwa ishirini na tatu.
Niliwahesabu kwa shingo, si kwa daftari:
wa kwanza saa mbili, ukungu umelalia paa la wodi,
wa kumi na tano mvua ya Tukuyu ilipopiga mabati
hata sikumsikia Sista Subilaga akisema chai imepoa.
Kufika wa ishirini na tatu, bega la kulia
lilikuwa limeshaacha kuuma.
Likiacha kuuma ndipo ninapoliogopa.

Mkono wa mpasuaji hautakiwi kutetemeka.
Basi mtetemo wote umehamia kwingine,
umepiga kambi chini ya kisogo
kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.

Stuli yetu ilifika kwa kontena mwaka niliohitimu.
Skrubu imeshika kutu; haipandi, haishuki.
Anayeikalia ndiye hupanda, ndiye hushuka.
Meza iko chini, darubini iko juu,
na katikati yake yupo Ambokile
amekunjwa kama kisu cha mfukoni,
anatafuta ukungu mwingine,
ule mdogo, mweupe, ulioziba mboni.

Kwenye semina ya Mbeya tulizungumza jicho siku tatu.
Mgongo ulizungumzwa kwenye foleni ya chakula.
Msigwa wa Iringa alishika sahani kwa mkono wa kushoto;
wa kulia, alisema, huamka umekufa ganzi
na huwa anausubiri ufufuke ndipo afunge vifungo vya shati.
Tulicheka. Wali ulikuwa mwingi.

Mama alichuma chai Katumba miaka ishirini na tisa.
Jioni alilala kifudifudi kwenye jamvi,
nami nikapanda juu yake kwa nyayo zangu za mtoto,
nikatembea taratibu toka kiunoni hadi mabegani,
naye akisema: hapo, hapo, usiondoke hapo.
Kilo kwa kilo ya majani mabichi alinilipia ada.
"Soma," alisema. "Soma usije ukainama."

Nikasoma.

Jana usiku nilijilaza sakafuni, kifudifudi,
nikijidai natafuta kifuniko cha kalamu.
Tumpale, miaka sita, akavua ndala.
Sikuwa nimemfundisha.
"Hapa, baba?"
Hapo.

Asubuhi hii nimefungua bandeji moja moja,
na kwa kila mmoja nimerudia yaleyale:
wiki nne usiiname,
usibebe ndoo, usipalilie,
usikubali kichwa kiwe chini ya moyo,
ukidondosha kitu mwite mjukuu akuokotee.
Nimeyasema yote hayo nikiwa nimeinama,
maana wao wamekaa kwenye benchi fupi
na jicho husomwa kwa kulifuata lilipo.

Bibi Tusekile wa Kyimo alikuwa wa mwisho.
Nilidhani ataangalia dirishani,
mlima Rungwe ulikuwa umejifunua kwa dakika chache,
au amwangalie mjukuu wake, aliyevaa sweta la shule
akisubiri kutambuliwa.
Aliniangalia mimi. Kwa muda mrefu.
"Ugonile, mwanangu. Nani kakuwekea mzigo hapo?"
Kidole chake kilielekea begani.
"Hakuna mzigo, bibi."
"Upo," alisema. "Nimechuma chai mimi.
Naujua mkao wa kikapu
hata kikishatuliwa."

Sikuwa na tone la dawa la kuweka kwenye jibu hilo.
Nikamwandikia tarehe ya kurudi.
Nikamwambia tena, kwa sauti ya daktari,
bibi, usiiname,
naye akaitikia, "Na wewe,"
akatoka polepole, kichwa juu, bila kushikwa mkono.

Nje kulikuwa na wengine kumi na tisa.
Nikageuka kumwita Sista,
mwili mzima, miguu, kiuno, kifua,
kwa kuwa shingo peke yake haigeuki.