Utenzi wa Rangi ya Kucha

Naanza bila fahari,
nisimulie habari
ya Proboksi, langu gari,
na bili iliyokua.

Nikitoka kwetu Ngala,
mji ungali walala,
na boflo kila mahala,
Mambrui napelekea.

Juzi nikiwa Sabaki,
darajani, yangu breki
yalia kama chiriki,
na taa ikatokea.

Taa ndogo ya manjano,
jicho lisilo maneno,
likanikodoa mno,
moyo ukanipotea.

Unga najua kupima,
chachu naijua vyema;
gari likianza homa
dawa yake sijajua.

Shemeji yangu Nasibu
akanipa lake jibu:
"Kwa wenyewe, si taabu;
fundi wa njia huua."

Lakini kwetu, arusi,
sufuria ni nyeusi,
kuzijua si rahisi:
rangi ya kucha twatia.

Usiku, mimi na mwana
wa dada yangu, Rehana,
tochi tukishikizana,
boneti tulifungua.

Chujio tone moja tu,
betri nikapiga tatu,
hatukumwambia mtu:
waridi ilokolea.

Karakana ya vigae,
kiyoyozi kitambae,
kahawa bure, ukae,
na viti vya kulalia.

Kijana, shati kiwembe,
hakugusa hata pembe;
akaandika ujumbe,
mashine ikamwambia.

"Bibi, gari lina shida
kubwa, si ya kawaida;
ungechelewa kwa muda
njiani ungelifia."

Adhuhuri waniita,
bili ndefu kama mita,
nasoma, macho yasita:
elfu sitini na mia.

Chujio, pedi, na dawa,
ada ya kuhudumiwa,
mia nne ya kahawa,
na ada ya kupokea.

Kahawa yenyewe maji,
haifikii ya mji,
ya kumi, ya muuzaji,
kashata nikitowea.

Nikaomba vitu vile
walivyotoa, vya kale;
akakuna zake nywele:
"Jaani vimeshatua."

Nikalipa, sina hila,
za karo na za chakula;
nikabaki na sandula
tupu, mende wanalia.

Gari nikaja kuwasha:
jicho lile lilokesha
likaanza kunitisha,
kope likanipepea.

Kwa fundi Mwaro, Barani,
chini ya bati, juani,
nikauliza: "Ni nini
kipya walichonitia?"

Karakana yake gogo,
jeki moja, nyundo ndogo,
na harufu ya mihogo
kwa jirani yanukia.

Akafungua chujio:
vumbi lina masikio!
Na tone, kama kioo,
waridi, lanichekea.

Breki kweli wamefunga
mpya, hapo sitapinga,
ukweli sitauchenga:
mbili; nne nalipia.

Mwaro hakusema mengi,
hakunidai shilingi;
akasema: "Hiyo rangi
ni wakili, nakwambia."

Nikarudi. Kiyoyozi
kilivuma kama juzi.
Chujio, bila ajizi,
mezani nikalitua.

"Ni makosa ya mashine,"
kijana, sura nyingine.
Nami: "Basi niione
rangi inavyojitia."

Watu wa viti vya mbele
wakaacha simu zile,
na padri wa Gede, yule,
bili akaikunjua.

Walirudisha thumuni,
elfu nane mfukoni;
kalenda ya ukutani
juu yake wakatia.

Nasibu, shemeji yangu,
apita mlango wangu
haraka, kama ni wingu,
salamu akimezea.

Sisemi kuwa nashinda:
karo bado yaniwinda;
breki, Sabaki nikenda,
mara kwa mara yalia.

Ila kwenye kisanduku
cha mbele, hapana chuku,
pana kichupa; na siku
ya huduma hukitoa.

Kucha zangu ni nyeupe,
za unga, si za matope;
lapambwa gari, si kope,
bibi arusi wa njia.