Nyuzi Mbili

Mwalimu Sichalwe alisema mistari sambamba
haikutani, hata ukiivuta mpaka Tunduma
na ng'ambo yake.
Akachora miwili ubaoni, akaikata kwa wa tatu, mkingamo,
zikazaliwa pembe nane.
Ukiijua moja, akasema, umezijua zote.
Nikawaza: huyo ni bibi.

Maana hapa Isyonje matuta ya viazi ya baba
na matuta ya Anyosisye, mdogo wake,
yameelekea upande mmoja.
Kati yake pana hatua themanini za majani ya ng'ombe,
na tangu kesi ile ya mbolea
hakuna anayevuka
isipokuwa bibi. Ukungu ukiwa bado umelala
anatoka bombani na ndoo, anapita mshazari,
anakata tuta la huyu, anakata tuta la yule,
hapunguzi mwendo, hapindi,
na salamu anayoiacha huku
ndiyo ileile anayoiacha kule.

Jumamosi nikachukua mkebe wangu wa hesabu,
nikapiga magoti kwenye udongo wenye baridi ya Julai.
Kipimapembe kidogo, tuta kubwa.
Nikavuta kamba ya katani juu ya njia ya bibi.
Kwa baba: sitini na tatu.
Nikavuka. Pembe ya ndani, upande uleule,
ilipaswa kuwa mia na kumi na saba.
Nikapata mia na kumi na tano.
Nikarudia.
Mia na kumi na tano.

Jumla, mia na sabini na nane.
Zimepungua nyuzi mbili,
hazitoshi hata kushonea kifungo.

Usiku, kando ya jiko, nikachora kwa kipimo kidogo.
Karatasi ikaisha, nikaunga nyingine kwa ugali,
kisha ya tatu. Matuta yakashuka bondeni,
yakavuka mto, yakapanda tena,
yakagusana karibu kilomita mbili kutoka hapa,
katika shamba la pareto la mtu tusiyemjua.

Baba akauliza, unachora nini?
Hesabu, nikasema.
Akaitazama ile ncha kwa muda mrefu,
kikombe kikipoa mkononi.
"Umepima vibaya."

Huenda. Vidole vilikuwa na ganzi.
Lakini hakusema nifute,
na taa akaisogeza upande wangu.