Marehemu Anaomba Kusikilizwa

Meza yangu ina miguu mitatu na tofali moja.
Jumanne na Alhamisi naiweka nje ya kinu cha Kamene,
Mukuru, pale mtaro unapokata kona,
na unga hutua juu ya karatasi zangu
kama mvi zisizo na mwenyewe.

Bi. Kwamboka alifungua pindo la leso:
kitambulisho, risiti tatu za kodi,
cheti cha kifo cha mumewe, Mzee Ondari.
"Wameniambia nimekufa," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukuma.

Miezi saba pesa za wazee hazijaingia.
Dirishani walimwambia mfumo unasema umefariki.
Mimi huyu?
Mama, mfumo.

Nikasoma cheti, nikaelewa.
Mume alikufa Januari, kitandani, kwa ajali ya uzee.
Mke aliuawa Machi
na karani, kwa kidole kimoja.

Basi athibitishe uhai kwa alama za vidole!
Vidole vyenyewe vimefulia watu South B
miaka thelathini na mmoja;
sabuni ya kipande na jiki vimelamba kila mstari.
Mashine ikawaka nyekundu. Ikawaka nyekundu.
Kijana wa mashine akafuta kioo kwa shati lake, akarudia.
(Haki isemwe: kijana alijaribu.)

Mwenye ploti aliposikia pesa zimekatika
hakuleta notisi, alileta bisibisi.
Wengine hung'oa mabati. Huyu alichukua mlango,
akaubeba kichwani mchana kweupe
kama aliyetoka kuununua.
Usiku ule Nyaboke, mjukuu, darasa la tano,
alijifunga kamba mguuni, ncha ya pili kwenye sufuria,
ili mwizi akipita imwamshe.

Kazi hii niliisomea wiki sita, ukumbini kanisani,
nikapewa cheti na soda.
Sijui mengi. Najua uandike tarehe.
Umtaje kwa jina aliyekukataa.
Usiseme "naomba msaada", sema "napinga uamuzi".
Na usiondoke bila muhuri.

Tukaanza: Mimi, Kwamboka Ondari, niliye hai...
Akanishika mkono.
"Andika pia kwamba nilikuja kwa miguu.
Maiti hubebwa. Mimi sijabebwa na mtu."
Si lugha ya sheria. Niliiandika, nikaiacha.

Ofisini: rudini Jumatatu.
Jumatatu: mtandao umeanguka.
Jumatano: mwenye muhuri ameenda chai.
Tukaungoja muhuri unywe chai.
Saa kumi kasorobo ukagonga karatasi, pa!
Bi. Kwamboka akashtuka.
"Huko ndiko kufufuka?"
Bado, mama. Huko ni kupokelewa tu.

Barua ya mwenye ploti ilikuwa fupi:
amri ya kumtoa mpangaji hutoka barazani,
haitoki kwa bisibisi.
Kamene alitia sahihi, na fundi viatu,
na wapangaji kumi na mmoja,
mmoja wao kwa dole gumba, jeusi, lenye mistari yote.

Jumapili usiku mlango ulirudi.
Hatukumwona aliyeuleta. Tuliukuta umeegemea ukuta
kama mlevi anayeogopa kubisha kwake.
Stima ilikuwa imepotea, tukaupachika gizani,
na kulipokucha tukaona tumeupachika juu chini.
Komeo liko magotini sasa.
Fundi anataka mia tatu kuugeuza.
Bi. Kwamboka amekataa. Tarehe tano, anasema,
mwenye ploti akija kudai kodi, nataka nimwone anavyoinama.

Pesa hazijaingia. Hii ni wiki ya tisa.

Alhamisi marehemu alikuja tena,
na mwenzake wa Kwa Njenga
ambaye mfumo unamwita mwanamume.
Akamvutia stuli, akapangusa unga mezani kwa kiganja.
"Anza na tarehe," akamwambia,
kisha akanigeukia kuuliza
kalamu hii ina wino wa kutosha.