Pipa la Nne

Mapipa sita, na hakuna hata moja lenye jina.
Vieno aliyabandua lebo jana jioni
akayaandika namba kwa chaki
ili mkono wangu usipendelee,
ili jicho langu lisione linachotaka kukiona.
Nje, Oulu imelala chini ya baridi ya nyuzi ishirini na tisa,
mto umefumba mdomo,
na theluji ya kando ya barabara kuu ina rangi ya majivu.

Humu ndani injini imefungwa kitandani kwa bolti nane.
Haiendi popote. Miaka kumi na mmoja
imekimbia bila kusogea shibiri.
Tunailisha, tunaisikiliza.
Haijui cheo, haijui nani kalipia mafuta.
Ukiipa dizeli inayochelewa kuwaka, inagonga,
ka-ka-ka, kama mdai mlangoni kwa mdeni wake;
ukiipa iliyo nyepesi kushika moto, inanguruma taratibu,
hata kahawa kikombeni haitetemeki.

Pipa la kwanza: hakuna la kusimulia.
La pili lina salfa. Koo liliniambia
kabla mashine ya gesi haijapata joto.
La tatu liligandia bombani,
nta yake ikajikusanya kama mafuta ya supu iliyosahauliwa;
injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza,
na Vieno akacheka peke yake:
"Hili halijawahi kuona Januari."

Pipa la nne, ewe!
Mshale wa nguvu ulipanda, ukauruka mstari wa mwaka jana.
Launonen, ambaye hushuka kwetu kwa nadra,
alisimama nyuma ya kioo, koti begani,
akaandika tarakimu moja kiganjani mwake.
Hakuuliza habari za chujio.

Chujio ni duara dogo, jeupe,
jepesi kuliko ukucha wa mtoto.
Nililipima asubuhi likiwa safi, nimezuia pumzi,
maana mizani ile huhesabu hata pumzi.
Nilipolitoa kwenye bomba la moshi
lilikuwa mboni ya jicho, jeusi hadi ukingoni.
Mizani ikasitasita, kisha ikatamka.
Si kitu: punje chache za chumvi.
Ni punje chache
kwa kila lori, kila alfajiri, na kifua hakina mizani.

La tano lilipunguza masizi, nikashangilia mapema:
oksaidi za naitrojeni zikapaa.
Ndiyo kazi yetu hii,
godoro ulikandamize huku, lifure kule.
La sita likaungua safi.
Chujio likatoka kama maziwa yenye tone la chai;
nguvu ikashuka asilimia nne, kiu ya injini ikazidi.
Launonen alikuwa ameshapanda ngazi
na kile kiganja chake.

Jioni sikwenda nyumbani.
Nilichukua ndoo hadi kituo cha basi, mkabala na shule,
nikachota theluji pale watoto wanaposubiri,
nikaiyeyusha juu ya jiko la maabara,
nikaipitisha kwenye chujio jipya.
Sikuwa na ruhusa. Jedwali halina safu ya jambo hilo.
Kilichobaki nilikilaza kando ya chujio la nne
na taa ikashindwa kuwatenganisha pacha wale.

"Huo si ushahidi," alisema Vieno,
na kweli si ushahidi:
theluji hubeba lami, na vumbi la breki, na mchanga wa manispaa.
"Najua," nikamjibu.
Tukasimama. Injini ilikuwa inapoa,
tik, tik, chuma kikijikunyata.
Nilidhani atalitupa.
Akatafuta bahasha, akalitia kwa koleo,
akaandika tarehe, saa, nyuzi za baridi,
jina langu, kisha lake,
na pale panapoandikwa namba ya pipa
akapaacha wazi.