Hesabu za Hiace

Nimeanza na friji. Mihayo alitaka nianze na redio.
Nikamwambia, shika rula, wewe chora mistari;
mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
na ubaoni kwangu
mlaji mkubwa huandikwa juu.

Friji, wati arobaini na tano.
Inaamka, inalala, inaamka,
ukijumlisha ni saa nane kwa siku: mia tatu na sitini.
Taa tatu za wati tano, saa nne: sitini.
Simu mbili, thelathini.
Redio yake, ile ya tangu ugadi wa treni,
eriali imeungwa kwa waya wa uzio: thelathini,
na hapo nimempunja taarifa ya usiku.
Feni, tisini.
Birika nimelifuta hajalitaja.
Wati elfu moja na mia tano! Hilo si birika, ni mkwe.
Chai tutachemshia mkaa.

Mia tano na sabini.

Fundi Nsolo alikuja Isevya na pikipiki,
akazipanga betri mbili barazani kama mahari.
"Hii ya asidi bei rahisi, mwalimu,
ila nusu yake usiiguse."
Naijua hiyo, nikamjibu,
ndivyo ulivyokuwa mshahara wangu.
"Hii ya lithiamu ni ghali, lakini hutoa
karibu yote iliyo nayo, wala hainuni."
Tukauza mbuzi watatu na cherehani.
Cherehani sikuililia.

Jua la Tabora mwezi wa saba halina maneno:
linashuka juu ya bati bila luku, bila makato,
saa tano nzima nzito.
Paneli ya wati mia mbili inajisifu elfu moja;
toa vumbi la Urambo, toa joto, toa waya mwembamba,
toa na jani moja la mninga litakaloganda juu yake,
maana Mihayo anataka kuegesha kivulini
na paneli inataka kukaa uchi.
Andika mia saba, ulale.

Lakini mwezi wa kumi na mbili?
Siku mbili za wingu zito pale Kaliua
zinadai elfu moja mia moja na arobaini,
na betri, hata nikiikamua,
ina mia tisa na sitini.

Nikafuta feni.
Mia moja na themanini zikarudi,
tukafika sawasawa, bila punje ya ziada.
Mwalimu haamini jibu linalofika sawasawa.
Penseli ikasimama kwenye redio. Aliiona.
Akachukua kifutio mwenyewe, akafuta,
akapuliza vumbi lake taratibu.

Nikairudisha. Nikafuta taa mbili.
Tutaonana kwa moja.

Ndani ya friji hiyo haitaingia soda
wala mgebuka wa Kigoma, hata wakitubembeleza sokoni.
Kitaingia kikopo kimoja chenye vichupa
vidogo kuliko kidole changu cha mwisho,
vyenye jina lake kwa mwandiko wa nesi.
Miaka ishirini na sita amevuka Malagarasi usiku
na taa ya kijani mkononi,
akiusikia mto kwa mlio wa chuma tu.
Anataka kuliona daraja kutoka chini.
Ni hilo tu. Hakuomba Dar, hakuomba Maka.

Jana tulilala garini, uani, kwa majaribio.
Saa tisa usiku nikaamka kutazama kipimo:
kumi na tatu nukta moja.
Mbwa wa jirani alikuwa akibwekea gari kana kwamba ni mgeni.
Friji ikaamka, ikanguruma, ikalala.
Mihayo naye vivyo hivyo.

Nimeiandika ile namba kwa penseli, pembeni ya dirisha.
Leo usiku nitaandika nyingine chini yake.
Kuhusu wingu la siku ya tatu
sijamwambia.