Sita au Tisa

Alhamisi baada ya isha, ghorofa ya pili, Kibokoni,
naondoa charahani ya mke wangu mezani,
natandaza karatasi ya miraba, ile ya hesabu,
na ndani ya kopo la Kimbo lililokwisha rangi
madado yangu yagongana kama meno ya mwenye homa.

Niliyanunua kwa Murtaza, mwaka wa themanini na saba,
dukani mwake mwa misumari na rangi za mafuta.
Hakujua ni nini. Nami sikujua.
Kisanduku kimebonyea, kitabu hakina jalada,
na namba za madado hazikutiwa rangi:
ilibidi nizisugue kwa krayoni ya dadangu,
nipanguse kwa kanga kuukuu,
hadi kila namba ikabaki nyeupe shavuni mwake.
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa nina mvi na presha,
na bado sijaona kizuri kama dado la pande ishirini
likisita kabla ya kuamua.

Vijana wana vitabu vizito, vya picha zing'aazo;
mashujaa wao hukatwa leo, kesho wazima.
Kwetu sisi, ukitia mkono kinywani mwa sanamu
bila kuuliza,
huna mkono.
Sheria zetu ni kurasa sitini na nne, nyingine zimeliwa na mende,
na palipoliwa, naamua mimi.
Kwa hivyo watu wangu hugonga sakafu kwa ufito wa futi kumi,
humwaga maji waone yanakoelekea,
huhesabu mienge kama mama ahesabuye vibiriti mwisho wa mwezi.

Mwakideu, karani wa bandari, ni mchawi wa kuuawa na paka.
Bi Thureya, mfamasia: askari wake
amezika wenziwe tisa na angali adai mafungu yao.
Na Lugogo, fundi simu, mgeni wa juzi,
aliyelia kweli mwizi wake alipotumbukia shimoni,
akatoka roshanini, akarudi, akaomba karatasi nyingine.

Wiki tatu walikwama mbele ya mlango wa shaba.
Wameusukuma. Wameuchoma. Wameusomea.
Mchawi amemaliza uganga wake wote, yaani mmoja.
Mwanasha akaja na birika na viazi karai,
mke wangu, aiitaye shughuli hii "kikao chenu cha majini",
akachungulia ramani, akasema,
"Mmeuvuta?"

Kimya. Hata feni ilisikika.
Sikwambii sura ya Mwakideu.
Mlango ukafunguka, na hakuna dado lililorushwa:
ukisema ufanyalo, nalo lina akili, limekuwa.
Hiyo ndiyo raha nisiyoweza kuieleza kazini.

Nyuma ya mlango, yule mdudu. Nilikuwa nikimlea tangu Machi.
Thureya ahitaji saba kwenda juu;
akikosa, ni maziko ya kumi, na marehemu ni yeye.
Akalipuliza dado, akalirusha kwa nguvu za deni la miaka,
likagonga birika, likaruka ukingo wa roshani,
likaenda zake.

Sote tukakimbilia mbao, vichwa nje.
Chini uchochoroni, limetua katikati ya sinia
la Shebwana, mchoma mishikaki.
"Usiliguse! Soma iliyo juu!"
Akainama, akawasha tochi ya simu,
akalizunguka sinia mara mbili, pole pole, kama mtu na nyoka.

"Hini ni sita," asema, "au tisa?
Nyinyi mwataka gani?"

Kistari cha chini kilitoka na krayoni zamani,
nami kila mwaka husema nitakitia tena.
Watu wangu wanitazama. Kitabu hakisemi.
Nageuka nikae nifikiri,
na Mwanasha yumo kitini mwangu,
amekwisha kuchonga penseli.